Ukinunua pinboli, nunua ile isiyo na kompyuta

Wasee, wiki hii mtaniita mzee. Ni sawa tu, lakini niskizeni kwanza.

Pinboli unaijua, hata kama ni kwa filamu tu: meza yenye mteremko na kioo juu, mpira wa chuma unashuka, na wewe unaupiga na flipa mbili usiingie shimoni. Wengi wakiota kuweka moja kwa nyumba, wanawaza ile ya kisasa yenye skrini na taa kama za klabu. Mimi nasema chukua ya zamani, zile ambazo Gottlieb, Williams na Bally walikuwa wakiunda kule Chicago kabla kompyuta hazijaingia mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kwa nini? Kwa sababu haikufichi kitu. Ndani hakuna chipu hata moja. Kuna nyaya, relei, koili na mota. Mpira ukigusa swichi, umeme unapita, koili inavuta, gurudumu la namba linasonga hatua moja na kengele inalia. Ukishinda alama 50, kengele ya kumi inalia mara tano. Ukiitikisa sana, kuna timazi ndani linagusa pete ya chuma na mpira wako umekwisha. Fungua mlango uone hesabu ikifanyika mbele ya macho yako.

Sasa linganisha na kubeti kwa simu. Mimi nimewahi kuipa pesa ya rent. Nilibonyeza, ikala. Nikabonyeza tena, ikala tena. Mpaka leo siwezi kukuambia mle ndani kulitokea nini.

Najua utaniambia pinboli pia ni kamari, hata New York waliipiga marufuku 1942 na polisi wakavunja mashine kwa nyundo. Ni kweli. Lakini angalia miaka. Flipa zilikuja 1947, kwa mashine ya Gottlieb inayoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo ulirusha mpira ukabaki kuomba Mungu. Mashine ilibadilika, sheria ikakaa palepale hadi 1976, Roger Sharpe alipocheza mbele ya baraza la jiji, akataja njia ambayo mpira utapita, na ukapita. Tofauti ni hiyo: kwa kamari, mkono wako hauna kazi.

Haya, tuseme pesa iko. Unachaguaje?

Kwanza, usidanganywe na ile ya wachezaji wanne eti utacheza na maboyz. Mashine ya relei haina kumbukumbu ya kutosha kuweka hali ya kila mtu, kwa hivyo mara nyingi zamu ikibadilika, ulichojenga kinafutika. Ile ya mchezaji mmoja inaweza kukuwekea kazi yako kutoka mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Maboyz wapokezane. Kungoja zamu pia ni sehemu ya raha.

Pili, usiogope mashine isiyowaka. Ogopa rangi inayobanduka. Ule mchoro wa kioo cha juu umepakwa kwa nyuma, na ukianza kutoka kama maganda, kuurudisha ni balaa. Lakini umeme unatengenezeka. Mara nyingi shida ni swichi chafu au iliyopinda, na unahitaji tupa ndogo, mita na ramani ya nyaya. Fundi wa redio wa mtaani akipewa ramani, hiyo ni kazi anayoweza kuielewa. Ile tu asipulizie swichi mafuta.

Tatu, hesabu umeme. Mashine za Marekani ni za volti 120, sisi tuko 240. Bila transfoma, utanunua moshi.

Mimi mwenyewe sina hata moja, na kwa bedsitter yangu ikiingia mimi natoka. Lakini tangu nianze kuzisoma, kila app ikiniomba nibonyeze najiuliza: naweza kufungua mlango nione inavyoamua? Kama siwezi, pesa yangu inabaki mfukoni. Mwezi huu landlord amelipwa tarehe tano, na hakuamini.