MKONO GANI UPASHWE MOTO?



Kuna karatasi ilibandikwa ukutani penye kazi ya mabomba, nasi tumeweka nakala yake. Mstari mmoja wasema hivi: "Weka mkono juu ya mshono, kisha upashe moto mpaka ushike." Someni tena. Weka mkono juu ya bomba, kisha upashe moto! Siku ile tulicheka sana. Sasa hatucheki, na twataka kuwaeleza sababu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya tajiri mmoja wa mkataba, jina lake hatulitaji. Alipewa kutengeneza mabomba ya mafuta karibu na njia ya reli, na baadhi yetu tukapelekwa kumsaidia. Vifaa vyake vilitoka Hispania: vijiti vya kuchomelea, dawa ya kupaka na plastiki ya kufunika mshono. Maagizo yalikuwa kwa Kihispania. Tajiri akampa karani, karani akafasiri kwa simu yake kabla ya chai ya saa nne, karatasi ikabandikwa. Hakuna fundi aliyeulizwa hata neno moja.

Basi sikilizeni yaliyotokea.

Huo "mkono" kwa Kihispania ni "manga", yaani mkono wa shati. Ni ala ya plastiki inayovishwa bomba juu ya mshono. Ikipashwa moto hunywea na kulibana bomba, unyevu usiingie. Sisi tungeiita soksi, na hata kibarua wa jana angeelewa.

Mstari wa pili ulisema: "Simamisha bomba kabla ya kuanza." Wenzetu wawili wakaenda kutafuta mnyororo wa kuliinua bomba lisimame! Lakini kwa Wahispania "bomba" ni pampu. Sisi neno hili tulilipata kwa Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, na kwetu limekuwa pia jina la mfereji wa chuma. Agizo la kweli lilikuwa: zima pampu kwanza. Kama si mzee mmoja wa zamu kusikia pampu ikinguruma, tungaliwasha moto juu ya mafuta yanayokwenda. Leo wake zetu wangalikuwa wanapokea rambirambi, na karani angalikuwa bado anakunywa chai.

Mstari mwingine: "Tumia vijiti vya kawaida." Kihispania kilisema "electrodo básico". Fundi ajua kwamba hilo si neno la ukawaida. Ni aina ya kijiti ambacho ganda lake halitaki unyevu hata kidogo. Hukaushwa katika tanuru, mara nyingi kwa joto la digrii 300 na zaidi kama mtengenezaji anavyoagiza, kisha huwekwa penye joto mpaka saa ya kutumiwa. Kikipata unyevu, hidrojeni huingia katika chuma na mshono hupasuka, pengine baada ya siku nzima, wakati kila mtu amekwisha kwenda nyumbani. Tena kuna vijiti vya aina nyingine, vyenye ganda la selulosi, ambavyo havikaushwi hivyo, maana vyahitaji unyevu wao kidogo. Neno moja laamua kama mshono utashika au utapasuka. Tulipoambiwa "vya kawaida" tuliviacha katika kibanda usiku wa mvua. Mishono ikapasuka. Wenzetu watatu wakakatwa mshahara wa siku mbili. Karani hakukatwa hata senti.

Na huu ndio uliotuchekesha zaidi: "Tafuta likizo zote katika mpako, na ukizipata zizibe." Tukasema, kumbe tajiri ameandika siri yake! Maana kutafuta likizo zetu na kuziziba ni kazi aliyoizoea. Lakini mafundi wa Kiingereza huita "holiday" mahali ambapo rangi au dawa haikushika, na baadhi ya maandiko ya Kihispania yamelichukua neno hilo kama lilivyo. Mahali hapo hutafutwa kwa chombo cha umeme: kikipita juu ya tundu, hata dogo kama ncha ya sindano, cheche huruka. Tundu hilo likiachwa, kutu hula hapo hapo mpaka bomba litoboke. Sisi hatukukagua, kwa sababu hatukujua tukague nini.

Mstari wa mwisho, wa moshi, uliachwa kabisa. Yaonekana karani hakupata neno. Lakini mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea pamoja na vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Na kila aliyechomelea bati lenye zinki ajua homa inayomshika usiku. Neno lililokosekana katika ofisi limeingia katika mapafu yetu.

Sasa wapo wanaosema: "Kiswahili ni maskini, hakina maneno ya ufundi." Twawajibu hivi. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nani aliwafundisha wazee wetu kusema taruma, behewa, karakana, gurudumu, breki, stesheni? Walichukua walipopata, wakatengeneza walipokosa, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani. Hakuna treni iliyosimama njiani ikingoja kamusi. Na maneno ya kuchomelea tunayo. Mshono ule ule Mwingereza auita ushanga, Mhispania auita ugwe, sisi twauita mshono. Safu ya kwanza ya chini Mhispania aiita "raíz", sisi twasema mzizi. Ukingo ulioliwa na moto yeye auita "mordedura", sisi twasema ng'ato. Uchafu unaogongwa kwa nyundo yeye auita "escoria", nasi tangu zamani twasema mavi ya chuma. Je, huo ndio umaskini? Maneno yapo midomoni mwa mafundi. Umaskini ni wa tajiri asiyetaka kuuliza.

Katika shule ya misheni tulisoma habari ya mnara wa Babeli. Walipokosa kusikilizana, kazi ilisimama. Tajiri wa siku hizi ni mwerevu kuliko wale. Yeye ataka tusisikilizane, na kazi iendelee, na mnara ukianguka tulipe sisi.

Sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yamtaka mwajiri amweleze mkataba mfanya kazi asiyeelewa lugha yake, kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 19, kinapotaja kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika, chasema juu ya kosa la kusudi. Je, kutii karatasi ya tajiri ni kosa la kusudi? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwajiri atoe habari na mafunzo ya kutosha kwa usalama wetu. Habari isiyoeleweka si habari.

Kila Julai 7, siku ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa siku ya Kiswahili duniani, wakubwa hukisifu Kiswahili kwa hotuba ndefu. Julai 8 twarudi kazini, twakuta karatasi zile zile. Sifa hazizibi tundu la bomba.

Kwa hiyo twataka Chama kidai mambo haya bila kulegea:

1. Karatasi yo yote ya kazi ya moto isibandikwe mpaka fundi ameisoma na kuieleza kwa maneno yake mwenyewe.

2. Karani na fundi wakae meza moja kufasiri, na saa hizo zilipwe kama saa za kazi.

3. Asikatwe mtu mshahara kwa kufuata agizo lililofasiriwa vibaya, na wale wenzetu watatu warudishiwe siku zao mbili.

Nanyi, ndugu, msingoje tajiri. Kila karakana iwe na daftari moja. Andikeni humo neno mnalolitumia, na maana yake, na hatari yake. Leteni daftari hizo katika mkutano wa tawi, tuzilinganishe. Na mkipewa agizo msilolielewa, msione haya kuuliza mara ya pili na ya tatu. Haya ya kuuliza hupita kwa siku moja, lakini mkono ulioungua haurudi.

Sisi mafundi wa reli.