Mzinga Upo Fort Jesus, Ndege Iko Wapi?

Mgeni anayezuru Fort Jesus, Mombasa, huonyeshwa mzinga uliotoka katika Königsberg, ile manowari ya Wajerumani iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, 1914, kisha ikaenda kujificha katika mikono ya mto Rufiji. Mzinga ni chuma, nao umestahimili jua na mvua miaka yote hii. Lakini manowari ile haikumalizwa na mizinga ya adui peke yake. Ilimalizwa na macho, na macho yenyewe yalikuwa angani, ndani ya vyombo vya mbao, kitani na gundi. Mzinga twauona. Chombo kilichouponza, ni nani katika sisi aliyekiona?

Kisa chenyewe ni cha pwani yetu, kwa hiyo si vibaya kukikumbusha. Königsberg ilikuwa nyuma ya mikoko, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia katika maji yale machache. Ndege za kwanza walizozileta, za kutua majini, ziliteswa na hewa yetu: joto lilifungua gundi, na hewa ya moto ikazinyima nguvu ya kupaa. Ndipo mwezi wa Juni, 1915, zikaletwa kisiwani Mafia ndege mbili za Caudron na mbili za Henri Farman, zote za mabawa ya ghorofa, yaani bawa juu ya bawa, zikawa zikiruka kutoka uwanja uliofyekwa pale pale kisiwani. Tarehe 6 Julai, na tena tarehe 11 Julai, meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilipiga mizinga bila ya kuiona shabaha yao, na aliye juu akawa anaziambia kwa simu ya upepo: mmezidisha, mmepunguza, geukeni kidogo. Siku hiyo ya pili Königsberg ikaisha. Ndege moja ilipigwa ikaangukia mtoni, na waliokuwa ndani, Cull na Arnold, waliendelea kutuma habari hata wakati inateremka, wakaokolewa. Tangu ndugu wawili Wright waruke kule Marekani mwezi Desemba, 1903, ilikuwa haijatimia miaka 12.

Rai yangu ni kwamba ndege ile, khasa Caudron, yafaa ijengwe upya kwa umbo dogo, kwa mkono na kwa kipimo, na watu wa kwetu, iwekwe karibu na mzinga ule. Nayo ijengwe tangu kijiti cha kwanza. Sisemi vile vielelezo vinavyouzwa madukani ndani ya boksi, vipande vimekwisha kukatwa, kazi ya mnunuzi ikawa ni kugandisha namba moja juu ya namba mbili. Hiyo ni kazi ya aliyechora boksi.

Watu wa pwani hatuna haki ya kudharau jambo hili na kuliita mchezo wa watoto. Tuutazame mtepe. Jahazi lile la kushonwa kwa kamba, lisilo na msumari hata mmoja, lilikwisha kutoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Ni nini kilichobaki? Picha chache, maneno ya wazee, na mitepe midogo iliyotengenezwa na mafundi, ambayo mtu huiona katika majumba ya makumbusho ya Lamu na Mombasa. Kwa msaada wa mabaki kama hayo mwaka 2003 mtepe mzima ulijengwa tena Unguja, ukapewa jina la Shungwaya, ukawekwa Beit al-Ajaib. Fundi aliyekaa kibarazani akichonga mtepe wa urefu wa mkono mmoja huenda alichekwa na wapita njia. Yeye ndiye aliyetuwekea amana.

Mimi naikalia kazi hii mbali na bahari, Kwanza, kaskazini ya Kitale, katika kaunti ya Trans Nzoia, penye mahindi mpaka jicho linachoka na Mlima Elgon ukikutazama upande wa magharibi. Jina la mji lanifurahisha, kwa kuwa nashughulika na ndege za kwanza. Lakini sababu ya kupasifu hapa ni nyingine. Hapa vifaa viko shambani. Baada ya mavuno bua kavu la mahindi halina thamani kwa mtu ila ng'ombe. Limenye: ganda lake ni ukanda mgumu unaopindika bila kuvunjika, na moyo wake ni mwepesi kama sufi, wakatika kwa wembe. Watoto wa huku wamejua siri hiyo zamani. Magari na nyumba za mabua wanazitengeneza bila ya kufundishwa na mtu. Kijiti cha mwanzi kilichopasuliwa chafaa kwa miimo. Tena hewa ni kavu kuliko ya Mombasa, gundi haikawii.

Kipimo nilichochagua ni moja kwa hamsini, kwa sababu rula ya shule yatosha: kila sentimita mbili ni mita moja. Caudron G.III ilikuwa na upana wa mita 13.4 toka ncha ya bawa mpaka ncha, na urefu wa mita 6.4. Kwa hiyo yangu ni sentimita 26.8 kwa 12.8, yakaa juu ya sinia ya kahawa. Bawa la juu ni refu kuliko la chini, na mkia haukushikwa na kiwiliwili kama wa ndege za leo, bali na fito nne ndefu zinazotoka kwenye mabawa. Rubani alikaa katika kitu mfano wa hori, injini mbele yake.

Mbavu za bawa hukatwa zote kwa kalibu moja ya kadibodi, ama sivyo bawa litakuwa na mawimbi. Juu yake hubandikwa karatasi ya shashi, ile ile ya kutengenezea tiara, kwa gundi nyepesi ya unga. Kisha hunyunyizwa maji kidogo sana. Karatasi hulegea, hukata tamaa kabisa, na anayetazama hudhani kazi imeharibika. Ikikauka hukazana kama ngozi ya ngoma iliyooteshwa moto. Ndege yenyewe ilikazwa kwa njia iliyo jirani na hiyo: kitani kilivutwa juu ya mbavu, kikapakwa dawa ya kukikaza.

Lakini roho ya kazi ni nyaya. Mtu asiyejenga huziona kama mapambo. Mabawa mawili, vijiti vya kati na nyaya za mshazari hufanya sanduku moja. Kila waya huvuta, hakuna unaosukuma, na ukikata mmoja sanduku zima hulegea. Nahodha hahitaji kuelezwa habari hii, maana ndivyo kamba zinavyoushika mlingoti. Zaidi ya hayo, Caudron haikuwa na vile vibawa vidogo vya pembeni vya kuilaza ndege. Rubani alivuta nyaya, bawa lenyewe likajipinda. Waya wa unene wa milimita tatu, kwa kipimo changu, hauzidi unene wa unywele. Basi natumia unywele. Wembamba ule ndio unaofundisha kitu ambacho picha haiwezi kufundisha: watu wale walipanda mawinguni wakiwa wametundikwa na nyuzi.

Jambo jingine litakalowachekesha akina mama zetu: injini nyingi za zama zile, zile ambazo mitungi yake yote ilizunguka pamoja na panga, zililainishwa kwa mafuta ya mbarika. Ndiyo, mbarika ule ule wa kusafishia matumbo ya watoto.

Yuko atakayeniuliza juu ya sanamu. Wanachuoni wamekwisha kupambanua baina ya chenye roho na kisicho na roho, na jahazi dogo juu ya kabati la sebuleni halijawahi kumtia mtu mashakani. Kwa kipimo changu rubani angekuwa na urefu wa sentimita tatu na nusu hivi. Kiti chake nimekiacha kitupu, na ndege haikupungukiwa na kitu. Wala tusidhani kuruka ni habari ya wageni peke yao. Al-Maqqari, mwandishi wa karne ya 17, amesimulia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusia, aliyefariki mwaka 887, kwamba alijivika manyoya na mabawa, akaelea hewani, kisha akaumia wakati wa kutua kwa kuwa hakujifanyia mkia. Kila ninapozipanga zile fito nne za mkia wa Caudron namkumbuka.

Hoja nzito zaidi ni ya mtu atakayesema: hiyo ilikuwa ndege ya mkoloni akipigana na mkoloni mwenziwe, yatuhusu nini? Nami nakubali nusu. Vita vile vilikula maelfu kwa maelfu ya wapagazi wetu, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, sawa na Kariokor ya Nairobi, ni kumbukumbu yao. Lakini mzinga pia ni wa mkoloni, nao tumeuweka. Mwenye kuonyeshwa mzinga bila ndege huondoka akiamini kuwa vita vilikuwa mambo ya mabwana wawili wenye chuma. Ukimwekea na ile ndege ya Mafia ataanza kuuliza juu ya kisiwa, na uwanja, na nani aliyekuwa akiishi chini ya ndege zile.

Sasa niseme na wazazi. Tangu mtaala wa umilisi uanze katika shule za Kenya mwaka 2019, watoto wanaagizwa kutengeneza vitu kwa mikono yao. Ni jambo jema mno. Ila kumezuka tabia, hapa Kitale na huko pwani, ya baba kumpa seremala fedha na mtoto akapeleka shuleni gari au ndege iliyopakwa rangi ikameremeta. Mtoto wa jirani asiye na fedha huja na bua lake lililopinda akaona haya. Mwalimu akitaka kujua kazi ni ya nani, asiitazame rangi. Ampe mtoto rula, amwambie apime gurudumu, kisha amwulize katika ndege yenyewe lilikuwa na upana gani.