Kadi tatu za Graham Poll: kosa la refa au la mfumo?

Leo naacha kidogo mambo ya kompyuta niongee kuhusu mpira, ingawa anayenijua ameshakisia kwamba tutarudi kwenye kompyuta kabla sijafika mbali. Ninayetaka kumzungumzia ni Graham Poll, refa wa Uingereza. Mtajie jina hilo shabiki yeyote aliyetazama Kombe la Dunia la 2006, utaona anacheka kwanza halafu anakuonyesha vidole vitatu. Mchezaji mmoja, mechi moja, kadi tatu za manjano.

Mimi pia nilicheka wakati ule. Siku hizi sicheki sana. Kazi yangu ni kuandika programu, na kadiri ninavyozidi kukaa katika kazi hii ndivyo ninavyoona kwamba kisa cha Poll kinatuhusu sisi watengenezaji wa mifumo kuliko kinavyowahusu mashabiki. Maoni yangu ni haya: kosa lilikuwa lake, lakini lilipita mbele ya mfumo mzima uliowekwa ili kulizuia, na mfumo huo hakuna anayeucheka.

Tuanze na mtu mwenyewe, maana wengi wanamjua kwa dakika tatu tu. Poll alizaliwa mwaka 1963 huko Hitchin, kaskazini ya London. Alianza kupuliza kipenga mwaka 1980, akiwa kijana, kwenye viwanja vidogo ambako refa hana ulinzi wowote isipokuwa miguu yake. Alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1991 aliingia kwenye orodha ya marefa wa Football League, mwaka 1993 akafika Ligi Kuu, na mwaka 1996 akawa refa wa FIFA. Mwaka 2000 alichezesha fainali ya Kombe la FA kati ya Chelsea na Aston Villa, ambayo ilikuwa fainali ya mwisho ya kombe hilo katika uwanja wa zamani wa Wembley. Mwaka huo huo alikuwa kwenye michuano ya Euro. Mwaka 2001 marefa wa daraja la juu Uingereza walipoanza kufanya kazi hiyo kama ajira kamili, yeye alikuwa miongoni mwao. Alikwenda Kombe la Dunia la 2002, na mwaka 2005 akachezesha fainali ya Kombe la UEFA mjini Lisbon, CSKA Moscow walipowafunga Sporting nyumbani kwao 3-1.

Si kwamba njia yote ilikuwa laini. Aprili 2000, katika mechi ya Everton na Liverpool, alipuliza kipenga cha mwisho wakati mpira umemgonga Don Hutchison wa Everton na uko njiani kuingia wavuni. Bao likakataliwa, mechi ikaisha 0-0, na nusu ya mji haikumsamehe. Lakini hayo ndiyo maisha ya refa. Alipopanda ndege kwenda Ujerumani mwaka 2006, wengi walimtaja kuwa mmoja wa marefa wanaoweza kupewa fainali.

Sasa twende Stuttgart, tarehe 22 Juni 2006. Kroatia na Australia, mechi ya mwisho ya kundi. Australia wanahitaji sare tu ili wasonge mbele, Kroatia lazima washinde. Mechi ni moto. Harry Kewell anasawazisha dakika ya 79 na inakuwa 2-2. Dakika ya 85 Dario Šimić wa Kroatia anatolewa kwa kadi mbili za manjano. Dakika mbili baadaye Brett Emerton wa Australia naye anatolewa, kwa kadi mbili vilevile.

Dakika ya 90, Josip Šimunić, beki wa Kroatia mwenye jezi nambari 3, anaonyeshwa kadi ya manjano. Alikuwa tayari ameonyeshwa nyingine dakika ya 61. Hapo alipaswa kutoka. Hakutoka. Aliendelea kucheza mpaka kipenga cha mwisho, halafu akamwendea refa kwa malalamiko, akaonyeshwa kadi ya tatu ya manjano, na sasa ndipo nyekundu ikafuata.

Ilikuwaje? Poll alieleza baadaye. Kadi ya dakika ya 61 aliiandika vizuri. Ile ya dakika ya 90 aliionyesha kwa mtu sahihi, lakini kwenye daftari lake akaiandika upande wa Australia, nambari 3. Nambari 3 wa Australia alikuwa Craig Moore. Šimunić alizaliwa Canberra, akakulia Australia, na akifungua mdomo anaongea Kiingereza cha huko. Refa amechoka, kelele zimejaa, mbele yake kuna mtu mwenye nambari 3 anayebishana kwa lafudhi ya Australia. Mkono ukaandika Australia.

Mwanaprogramu yeyote akisoma hapo anapaswa kusimama. Kadi ni skrini, daftari ni hifadhidata. Skrini ilionyesha ukweli, hifadhidata ikahifadhi kitu kingine, na wakati wa kuamua, refa aliiamini hifadhidata. Alifanya kama alivyofundishwa: angalia daftari, hesabu, amua. Hesabu ilikuwa sawa. Kilichokuwa na kasoro ni kile kilichoingizwa.

Na tazama hiyo nambari 3. Timu zote mbili zina mchezaji nambari 3, kwa hiyo nambari peke yake haimtambulishi mtu. Inahitaji kuambatana na timu. Ukikosea timu, huoni dalili yoyote kwamba umekosea, kwa sababu nambari 3 ipo pande zote mbili. Laiti Šimunić angevaa nambari ambayo Australia hawana, labda mkono ungesita. Makosa mabaya zaidi katika mifumo ni yale yanayofanana kabisa na data sahihi.

Nalisema hili kwa sababu limenipata. Zamani kidogo niliandika programu ya rekodi za karo kwa shule moja. Wanafunzi walihesabiwa ndani ya darasa: 1, 2, 3 na kuendelea. Karani alichagua darasa, akaandika nambari, akaingiza kiasi, akabonyeza kitufe. Siku moja mzazi akaja na risiti mkononi. Amelipa, na bado mtoto amerudishwa nyumbani kwa deni la karo. Pesa zilikuwa zimeandikwa kwa mtoto mwingine, nambari ileile, darasa la jirani. Karani akapewa onyo mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na nilijua kwamba programu yangu haikumwonyesha jina la mtoto kabla ya kuhifadhi. Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko kunywa chai. Onyo la karani halikufutwa.

Turudi uwanjani. Wapo watakaosema: refa wa Kombe la Dunia anashindwaje kuhesabu mpaka mbili? Jibu ni kwamba alikuwa anajua kuhesabu mpaka mbili vizuri sana. Katika mechi hiyohiyo alihesabu kwa Šimić, akahesabu kwa Emerton. Siku tisa kabla, katika mechi ya Korea Kusini na Togo, alihesabu kwa Jean-Paul Abalo wa Togo na kumtoa. Kumwita mtu mjinga hakuelezi chochote. Ujinga ungeonekana kila siku, lakini hili lilitokea mara moja, katika dakika ambayo kila kitu kilikutana: uchovu, nambari inayofanana, lafudhi, na vurugu za mwisho wa mechi.

Swali langu ni jingine. Wenzake walikuwa wapi? Poll hakuwa peke yake. Alikuwa na wasaidizi wawili wenye vibendera na refa wa nne pembeni mwa uwanja, na walikuwa wamevaa vifaa vya mawasiliano masikioni. Isitoshe, sheria za soka za wakati huo zilisema waziwazi kwamba refa wa nne anapaswa kumjulisha refa ikiwa mchezaji ameonekana akipewa onyo la pili na hakutolewa. Yaani hali hii hasa ilikuwa imefikiriwa, ikaandikwa, ikachapishwa. Toka dakika ya 90 mpaka kipenga cha mwisho kulikuwa na nafasi ya kusema maneno mawili tu. Hakuna aliyeyasema.

Hili nalo tunalijua vizuri katika kazi yetu. Tunaandika kwenye waraka kwamba mtu wa pili atakagua. Mtu wa pili anamwamini wa kwanza kwa kuwa ni bingwa, wa tatu anadhani wa pili amekagua, na wa kwanza anajisikia salama kwa kuwa ana watu watatu nyuma yake. Wakaguzi wanne, ukaguzi sufuri. Na bingwa anapokuwa mkubwa ndivyo wengine wanavyoona haya kumuuliza. Nani atamwambia refa bora wa Uingereza kwamba amekosea kuhesabu?

Kwamba jambo hilo liliwezekana, tulilishuhudia siku 17 baadaye katika mashindano hayohayo. Fainali ya Berlin, tarehe 9 Julai, Zinédine Zidane alimpiga Marco Materazzi kichwa cha kifua. Refa Horacio Elizondo hakuona. Refa wa nne, Luis Medina Cantalejo, aliona na akamwambia kupitia kifaa cha masikioni. Zidane akatolewa. Vifaa vilevile, sheria zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii mtu alifungua mdomo.

Najua kuna atakayesema kwamba siku hizi tuna VAR, mambo yamekwisha. Ni kweli VAR ilitumika katika Kombe la Dunia kuanzia 2018, na kumchanganya mchezaji mmoja na mwingine ni kati ya mambo iliyoruhusiwa kuangalia tangu mwanzo. Mimi ni mtu wa teknolojia na sitaikataa. Lakini tusijidanganye. VAR nayo ni watu walioketi mbele ya skrini, wanaochoka na kuogopana kama wengine. Pale Stuttgart hapakukosekana kifaa. Kilichokosekana ni mazoea ya mtu kusema, "Ngoja, hiyo ni ya pili," bila kuona kwamba anamvunjia mkubwa heshima.

Poll mwenyewe alifanya nini? Hakuitupia lawama lafudhi, wala wasaidizi, wala FIFA. Alisema wazi kwamba alikosea kisheria na kwamba yeye ndiye aliyekuwa refa, kwa hiyo kosa ni lake. Hakupewa mechi nyingine Ujerumani, na kabla ya mwezi kwisha alitangaza kwamba hatachezesha tena mashindano makubwa ya kimataifa. Alirudi Ligi Kuu, ambako kila uwanja ulikuwa na wimbo wa kumkumbusha, akamaliza msimu. Mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 28 Mei 2007, Wembley mpya, Derby walipowafunga West Bromwich 1-0 na kupanda Ligi Kuu. Miaka 27 baada ya kupuliza kipenga cha kwanza.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Kwa Poll tulifanya kuteleza kuwe kuanguka. Namheshimu kwa kubeba kosa lake, na nadhani ndivyo mtu mzima anavyopaswa kufanya. Lakini mtu akishasema "ni mimi," sisi wengine tunapumua na kwenda nyumbani, na mfumo unabaki vilevile ukimsubiri mtu mwingine. Unyoofu wake uliwarahisishia wengi wasijiulize.

Kwa hiyo, wewe unayeandika programu za benki, za hospitali, za shule, au hata ya duka la jirani, nakuomba mambo matatu. Mwonyeshe mtumiaji jina kamili kabla hajathibitisha, kama ambavyo siku hizi ukituma pesa kwa simu unaona kwanza jina la anayepokea. Usitegemee nambari inayoweza kuwa ya watu wawili. Na katika kundi lenu la kazi, hakikisheni kwamba mdogo kuliko wote anaweza kumsimamisha mkubwa kuliko wote bila kutetemeka.

La nne ni la bure: siku karani atakapoitwa kupewa onyo, ingia naye ofisini. Mimi sikuingia.

Niishie hapo kwa leo. Wiki ijayo turudi kwenye kompyuta zenyewe.