Fri ya madereva si ya bure

Mwezi uliopita nilikuwa nikirejea kutoka Eldoret kwa matatu, nimeketi kando ya dereva na rundo la karatasi za mtihani mapajani. Tulipoipita Mau Summit na kuanza kuteremka kuelekea Sachangwan, dereva aliitoa gia, na injini ikanyamaza mithili ya mtu aliyepitiwa na usingizi. Gari likaanza kuserereka. Nikamuuliza kwa upole kwa nini amefanya hivyo.

"Hapa ni fri, mwalimu," akanijibu. "Mteremko unatupeleka bure. Si unajua bei ya mafuta?"

Sikubishana naye, kwani aliyebeba roho za abiria 14 hafai kuzubaishwa kwa mijadala. Hata hivyo, maneno yale yalikataa kunitoka. Mimi ni mwanaisimu. Kazi yangu ni kuchunguza namna maneno yanavyobeba fikira, na mara nyingine yanavyozipotosha. Neno fri tumelikopa kutoka Kiingereza, ambako lina maana mbili: kutofungwa na kutolipiwa. Mafundi hulitumia kwa maana ya kwanza, yaani injini haikufungamana na magurudumu. Dereva wangu ameishika ile ya pili, na humo ndimo mlimo na hatari.

Wala neno hilo haliko peke yake. Wanasiasa wetu wanapotuhimiza "tuongeze gia" hukusudia tuongeze nguvu. Katika gari mambo ni kinyume. Gia namba moja ndiyo yenye nguvu. Ndiyo inayoling'oa lori lililosheheni mahindi kutoka mahali liliposimama. Gia namba tano ina nguvu chache, na fadhila yake ni nyingine kabisa: injini huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita inayosafiriwa. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye gia anaelewa. Katika gia nyepesi miguu huzunguka kama cherehani na baiskeli haiendi mbali. Katika gia nzito miguu huenda polepole, na barabara inarudi nyuma.

Hapa ndipo penye akiba anayoitafuta dereva wangu. Gari dogo linalokwenda kilomita 60 kwa saa katika gia namba tatu huenda likazungusha injini karibu mara 3,000 kwa dakika. Mwendo uo huo katika gia namba tano waweza kuhitaji mizunguko isiyofika 2,000. Magurudumu hayajui tofauti, lakini injini inaijua sana. Kila mzunguko una gharama yake: pistoni zinasugua, oili inasukumwa, na hewa inavutwa kupitia mlango uliofunguliwa nusu nusu. Mizunguko ikipungua, hasara hizo nazo hupungua, na mafuta mengi zaidi hutumika kulisukuma gari badala ya kuisumbua injini yenyewe.

Msomaji makini ataniuliza: je, si katika gia kubwa mguu hulazimika kukanyaga zaidi? Naam, na hapo tunakutana na msemo mwingine unaotupoteza. Sisi husema "kukanyaga mafuta". Katika gari la petroli, kanyagio lile hasa hufungua njia ya hewa. Mafuta hupimwa kulingana na hewa iliyoingia. Ukiwa katika gia kubwa huku injini inazunguka taratibu, mlango ule hufunguka zaidi na injini huvuta pumzi bila kutatizika. Kwa hivyo mguu waweza kuzama zaidi na bado lita zikapungua. Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na shahada tatu kabla ya kulielewa jambo hili, na niliyenieleza ni fundi wa gereji aliyeachia shule darasa la nane.

Fundi huyo alinionya pia nisipite kiasi. Gari likianza kutetemeka, injini ikigonga na kunguruma kwa uchungu kila unapokanyaga, gia hiyo ni kubwa mno kwa mwendo huo. Rudisha gia moja chini. Mlimani usiing'ang'anie namba tano kwa jina la uchumi. Kuinyonga injini namna hiyo huiumiza. (Wenye magari yanayojibadilishia gia wasijione wako nje ya mazungumzo haya. Wakilegeza mguu mapema, gari litapanda gia lenyewe.)

Turudi kwenye mteremko. Katika gari la kisasa linalonyunyiziwa mafuta kwa kompyuta, dereva akiacha gia imeshika na kuondoa mguu kwenye kanyagio, magurudumu ndiyo huizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa hadi mizunguko ikaribie ile ya gari lililosimama. Anayeitoa gia huvunja uhusiano huo. Injini sasa haina wa kuizungusha, basi hulazimika kunywa mafuta ili isizimike. Yaani pale dereva alipodhani anasafiri bure ndipo alipokuwa akilipa, na aliyeshika gia ndiye hakuwa akilipa kitu. Huenda mazoea haya tuliyarithi kutoka enzi za kabureta, ambapo mambo hayakuwa wazi hivyo. Kabureta zimeondoka, mazoea yamebaki.

Ingekuwa hasara ya shilingi tu nisingeandika. Gia iliyoshika hulizuia gari lisikimbie. Ikitolewa, uzito wote huachiwa breki, na breki za lori lililosheheni hupata moto mpaka zikashindwa kushika. Mara kwa mara polisi wametaja malori yanayoteremka kwa fri kuwa miongoni mwa vyanzo vya ajali za Salgaa na Sachangwan. Sisemi kila ajali ya huko ilitokana na hilo. Lakini mtu aliyesoma habari za Migaa, katika barabara iyo hiyo, ambapo watu 36 walifariki basi na lori vilipogongana tarehe 31 Desemba 2017, hawezi kuketi kando ya dereva anayeitoa gia akaendelea kusahihisha karatasi.

Simlaumu dereva yule peke yake. Petroli ilipovuka shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, ni nani aliyemfundisha kubana matumizi? Mimi nilipotahiniwa udereva, niliulizwa maswali mbele ya ubao wa mji wa mfano, nikasogeza kigari cha kuchezea kwenye mzunguko. Hakuna aliyeniuliza gia hufanya kazi gani. Shuleni nako nyenzo na msuguano hufundishwa kwa Kiingereza kwa mifano ya vitalu vya mbao, ilhali mwanafunzi amekuja shuleni kwa matatu.

Walimu wenzangu wa fizikia, mfano mko nao mlangoni kila asubuhi. Kwa upande wangu, muhula huu wanafunzi wangu wa istilahi wataacha maktaba kwa wiki mbili waende gereji na steji, wakusanye maneno ambayo madereva na mafundi hutumia kwa gia, breki na mafuta, na maana wanayoyapa. Neno la kwanza katika orodha yao ni fri.