Kamerhe na Bukavu: kura zinatoka hapa, mengine yanaamuliwa kwingine

Tarehe 22 mwezi wa tisa 2025, Vital Kamerhe alisimama mbele ya wabunge jijini Kinshasa akatangaza kwamba anaacha kiti cha spika wa Bunge la Taifa. Hakungoja kura ya kumwondoa. Zaidi ya wabunge mia mbili walikuwa wamekwisha kutia sahihi maombi ya kumtoa, na wengi wao ni wa Muungano Mtakatifu uleule uliompandisha mwaka mmoja tu kabla. Wakati huo Bukavu ilikuwa imekaa miezi saba mikononi mwa M23. Wapiga kura wa Ibanda, Kadutu na Bagira, ambao ndio waliompa tiketi ya kuingia Bungeni, hawakuulizwa kitu. Hawakuulizwa alipopanda, hawakuulizwa aliposhuka.

Si mara ya kwanza. Ni mara ya pili mtoto huyo wa Bukavu anaacha uspika kwa kusukumwa na kambi yake mwenyewe, na ukifuata safari yake tangu 2006 utaona kwamba karibu kila hatua kubwa iliamuliwa mbali na sanduku la kura la mji huu.

Kamerhe alizaliwa Bukavu mwaka 1959. Alisomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Kinshasa, akawa mmoja wa watu wa Joseph Kabila katika mazungumzo ya amani yaliyomaliza vita ya pili, akawa waziri wa habari mwaka 2003, kisha katibu mkuu wa chama cha PPRD. Uchaguzi wa 2006 ulimkuta akiwa mstari wa mbele wa kampeni ya Kabila. Aliandika hata kitabu cha kueleza kwa nini alimchagua Kabila. Mashariki ilimsikiliza: katika mzunguko wa pili Kivu Kusini ilimpa Kabila zaidi ya asilimia 90 ya kura, na Kamerhe mwenyewe akaingia Bungeni kama mbunge wa Bukavu. Mwisho wa mwaka huo akawa spika.

Miaka miwili na kitu iliyofuata ndiyo bora katika rekodi yake, na hata wanaomwita kinyonga hawana budi kukiri hilo. Upinzani ulipewa nafasi ya kusema. Mawaziri waliitwa kujibu maswali. Mtu wa kawaida alianza kujua kwamba bunge ni mahali ambapo serikali inaulizwa, siyo ukumbi wa kupiga makofi tu. Halafu mwezi wa kwanza 2009 jeshi la Rwanda likaingia Kivu Kaskazini kwa operesheni Umoja Wetu, kwa makubaliano ambayo Bunge halikuyajua. Kamerhe akasema hadharani kwenye redio kwamba hakuarifiwa. Kambi ya rais haikumsamehe. Tarehe 25 mwezi wa tatu 2009 alijiuzulu.

Hapo alianguka kwa sababu ya swali ambalo Kivu nzima ilikuwa inajiuliza: nani ameruhusu majeshi yaingie, na kwa nini wawakilishi wetu hawakuambiwa? Mbunge akipoteza kiti kwa swali la namna hiyo, amefanya kazi aliyotumwa. Watu wengi wa Bukavu bado wanamhesabia hilo, na wana haki.

Ya 2025 ni tofauti. Safari hii waliomshitaki walimlaumu kwa kutokuwa wazi katika matumizi ya fedha za Bunge na kwa kukwamisha hoja za kuidhibiti serikali. Wapenzi wake wanasema hayo ni visingizio, kwamba sababu ya kweli ni hesabu za Kinshasa kuelekea 2028. Inawezekana. Lakini aliondoka bila wabunge kupiga kura juu ya lawama hizo, na hivyo aliyemchagua kule Bagira hakupata jibu: walimsingizia au hawakumsingizia? Mwezi wa kumi na moja kiti kilikwenda kwa Aimé Boji, mbunge wa Walungu na mwanachama wa UNC, chama chake Kamerhe mwenyewe. Kwa wenye hesabu za chama na za jimbo, hakuna kilichopotea. Ile hesabu ya wapiga kura ndiyo imebaki hewani.

Katikati ya maanguko hayo mawili kuna miaka ambayo kura za mashariki zilipelekwa sokoni zaidi ya mara moja. Mwisho wa 2010 Kamerhe aliacha kiti chake cha ubunge, akaanzisha UNC na kwenda upinzani. Mwaka 2011 aligombea urais dhidi ya yule aliyemwandikia kitabu. Alipata asilimia 7.74, nafasi ya tatu nyuma ya Kabila na Étienne Tshisekedi, na nguvu yake kubwa ilikuwa Kivu. Asilimia hiyo ilikuwa ndogo kwa kushinda, ila ilimtosha kukaa kwenye kila meza.

Na alikaa. Mwaka 2016 aliongoza upande wa upinzani uliokubali kuingia katika majadiliano ya Kinshasa chini ya Edem Kodjo, yale yaliyosogeza uchaguzi mbele huku upinzani mwingine ukiyasusia. Wengi walitegemea atalipwa uwaziri mkuu. Akateuliwa Samy Badibanga. Tarehe 11 mwezi wa kumi na moja 2018 alitia sahihi Geneva kumuunga mkono Martin Fayulu, na siku iliyofuata akaifuta, yeye pamoja na Félix Tshisekedi, kwa maelezo kwamba wafuasi wao wamekataa. Siku kumi na moja baadaye wawili hao walitia sahihi nyingine, Nairobi: Kamerhe amwachie Tshisekedi ugombea urais, naye apate uwaziri mkuu, kisha zamu yake ya kuungwa mkono ifike 2023.

Tshisekedi akawa rais. Kamerhe hakuwa waziri mkuu, akawa mkurugenzi wa ofisi ya rais. Na mwaka 2023, ambao ulipaswa kuwa zamu yake, alikuwa anamfanyia Tshisekedi kampeni.

Jela iko katikati ya hapo. Tarehe 8 mwezi wa nne 2020 alikamatwa kwa kesi ya nyumba za programu ya siku mia moja. Mwezi wa sita mahakama ilimpa miaka 20 kwa kupotea kwa zaidi ya dola milioni 48. Rufaa ikapunguza hadi 13. Mwisho wa 2021 akaachiwa kwa muda kwa ajili ya afya. Uamuzi ukavunjwa, na mwezi wa sita 2022 akaachiwa huru kabisa, bila hatia. Sheria imesema, na anayeendelea kumwita mwizi anamkosea. Lakini pesa hizo zilitoka kwenye hazina, na mpaka leo mwananchi haoni nyumba wala hajui nani amezirudisha. Mbunge aliyepita katika kesi hiyo na kutoka safi ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kudai hesabu yake.

Mwezi wa tatu 2023 alirudi serikalini kama naibu waziri mkuu wa uchumi. Tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili Bukavu ikamchagua mbunge wa taifa. Mwezi wa tano 2024 watu wenye silaha walishambulia nyumba yake Gombe na polisi wawili waliokuwa wakimlinda wakauawa. Siku tatu baadaye alichaguliwa tena spika. Hakuna anayeweza kusema mtu huyu hana moyo.

Swali si moyo wake. Swali ni hili: katika miaka hiyo yote, Bukavu ilimpigia kura ya kazi gani? Ukisikiliza mjini jibu linajulikana: ni mtoto wetu, anaongea vizuri, Kinshasa wanamwogopa. Kura ikaonekana kama nauli ya kumsafirisha mtu wetu mpaka juu. Akifika juu tunasherehekea Nyawera, akianguka tunanung'unika kwamba wamemuonea mtu wa Kivu. Barabara ya kwenda Uvira, maji ya Panzi, umeme unaokatika wakati Ruzizi inapita chini ya mji, hayo huwa hayaingii katika hesabu ya kumpima. Mwanasiasa anayejua kwamba atapimwa kwa cheo atatafuta cheo. Lawama hiyo haiwezi kubebwa na yeye peke yake.

Leo Kamerhe ni mbunge wa kawaida, mmoja kati ya 500. Labda ni mara ya kwanza kwa muda mrefu kazi yake inafanana kabisa na kile alichochaguliwa. Bunge linakaa kikao cha kawaida mara mbili kwa mwaka, kuanzia tarehe 15 mwezi wa tatu na tarehe 15 mwezi wa tisa, na kati ya vikao mbunge anatakiwa kurudi kwa waliomchagua. Bukavu hawezi kurudi sasa. Lakini mbunge asiyefika kwake bado ana swali la mdomo, swali la maandishi na hoja ya kumwita waziri, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kiwanja cha ndege cha Kavumu kiwe wazi.

Mambo ya kuuliza hayatafutwi mbali. Tangu mwezi wa pili 2025 benki zilipofungwa, mwalimu na muuguzi wa Bukavu wanapokeaje mshahara wao, na kwa makato gani? Waliokimbilia Burundi wameandikishwa na nani kwa upande wa Kongo? Katika mazungumzo ya Doha na Washington nani anaingia na daftari la mji huu mkononi? Mtu aliyepoteza uspika mwaka 2009 kwa kuuliza nani aliruhusu jeshi la kigeni livuke mpaka anajua namna ya kuuliza. Safari hii hana kiti cha kupoteza ila kile alichopewa na Kadutu, na karatasi ya kura nyingine itafika 2028.