Gamondi alistahili kufukuzwa kwa mechi mbili?

Old Korogwe Novemba 2024 kahawa ilikuwa hainyweki kwa amani. Tangu Yanga ichapwe 3-1 na Tabora United, siku 5 tu baada ya kulala 1-0 kwa Azam, Wananchi wa vijiweni walikuwa wamegawanyika. Walikuwapo waliotaka kibarua cha Miguel Gamondi kiote nyasi siku ileile, walikuwapo waliouliza kosa lake lipi.

Waliotaka aondoke walikuwa na hoja: ukuta ulibomoka ghafla. Ni kweli. Lakini kwa Azam, Bacca alilambwa kadi nyekundu mapema, na kwa Tabora hakuwepo. Kabla ya hapo Yanga ilishinda mechi 8 za ligi mfululizo bila kuruhusu bao hata moja. Kocha alikuwa yuleyule.

Wangewatazama watani wao wa Msimbazi. Novemba 2023 Simba ilikula 5-1 kutoka kwa Yanga ya Gamondi huyuhuyu (wengi waliomzomea baadaye usiku ule hawakulala kwa furaha). Siku 2 baadaye Robertinho akafungashiwa virago. Akaja Benchikha, naye akaondoka ligi haijaisha. Simba ikamaliza nafasi ya 3, Yanga ikabeba kombe.

Tarehe 26 Novemba 2024 Al Hilal ya Sudan ilikuwa inatua kwa Mkapa, Ligi ya Mabingwa. Kocha mgeni angekuwa bado anajifunza majina ya wachezaji. Kama uongozi ulikuwa na maswali kwa Gamondi, ulipaswa kuyauliza baada ya mechi hiyo, Bacca akiwa uwanjani.