Shairi Liimbwe Kabla ya Kuhesabiwa

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, tunapoketi nyuma ya darasa, tumekuwa tukiliona somo lile lile likirudiwa shule hata shule. Mwalimu mwanafunzi huandika ubeti ubaoni, kisha huuliza: una mishororo mingapi? Kila mshororo una mizani ngapi? Vina vya kati ni vipi, na vya mwisho ni vipi? Watoto huhesabu kwa vidole. Mwishowe fasili ya shairi hunakiliwa madaftarini, kengele hulia, na ubeti hufutwa kabla haujasikika hata mara moja. Kosa hili si la mwalimu mwanafunzi peke yake. Sisi wakufunzi humpa alama kwa kutaja bahari za ushairi, wala hatumdai hata ubeti mmoja wa kwake.

Kwa maoni yetu, mpango huo umekwenda kinyumenyume. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotolewa mwaka 1954 ndicho tunachokiegemea tunapohesabu, alishikilia kwamba shairi ni la kuimbwa. Tumezichukua sheria zake, sauti tukaiacha. Mtoto wa darasa la tano amekwisha kuimba katika michezo ya uwanjani na kumbembeleza mdogo wake kwa nyimbo. Mapigo anayo, alichokosa ni majina yake tu.

Tulijaribu njia nyingine katika shule moja ya kijijini. Hatukulitaja neno mizani. Tuliwataka wanafunzi waseme walichokiona asubuhi ile nyumbani kwao. Mmoja alisema jogoo wao aliwika, mwingine kwamba mama alikuwa anawasha moto. Kwa kusaidiana wakapata: "Jogoo wetu awika, na mama anawasha moto." Tukawaambia waimbe huku wakipiga makofi. Kipande cha kwanza kilikwenda vyema, cha pili kikajikwaa. Wakarudia mara tatu, na makofi yakawapotea pale pale. Ndipo msichana mmoja akasema, "Mwalimu, tuseme awasha." Wakaimba "na mama awasha moto", na darasa zima likapita bila kusita. Hapo tu ndipo tulipowaambia wahesabu: nane na nane. Mizani haikuwa tena amri ya mwalimu, bali jina la kitu walichokwisha kukisikia.

Mshororo wa pili uliwatoa jasho, maana sasa "ka" na "to" zilidai wenzao. "Kaka ameshika ndoo" waliikataa wenyewe. Baada ya mabishano marefu wakatoa: "Kaka ndoo ajitwika, ashika njia ya mto." Mvulana mmoja akapinga: kwao hakuna mto, maji huteka kisimani. Pingamizi hilo lilitufurahisha kuliko mshororo wenyewe, kwa sababu alikuwa amekwisha kudai kwamba shairi liseme kweli, hata kina kikitaka vingine.

Wako wenzetu watakaosema kuwa mtihani huuliza vina na mizani. Ni kweli, na mtoto aliyevitafuta kwa sikio lake atavijibu. Ama kuhusu mashairi yasiyofuata vina, ambayo tangu Kichomi cha E. Kezilahabi kutoka mwaka 1974 yamezusha mabishano makali, hatuoni sababu ya kumwingiza mtoto wa shule ya msingi katika ugomvi wa wakubwa. Asomewe ya namna zote mbili, mradi yasomwe vizuri. Shairi lisomwalo kama daftari la mahudhurio halimpendezi mtu, liwe na vina au lisiwe navyo.

Lililo gumu zaidi ni la mwalimu mwenyewe. Mwanachuo mmoja alituambia kwamba hawezi kutunga kwa kuwa hakujaliwa kipaji. Tulimwuliza kama anaweza kuchora ramani ya Afrika ubaoni. Akajibu kwamba huichora vibaya, lakini watoto huielewa. Basi na atunge vibaya vivyo hivyo mbele yao, afute, ajaribu tena, na wao wamsahihishe. Katika mazoezi yajayo, tutakapolifungua andalio la somo la ushairi, tutatafuta kwanza ubeti alioutunga mwalimu, pamoja na maneno aliyoyakata. Fasili inaweza kungoja ukurasa wa pili.